Njia ya riadha ya Uwanja wa Benjamin Mkapa

Njia ya mbio inayozunguka nyasi za Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, Dar es Salaam. Uwanja huo wa watu 60,000 ulifunguliwa mwaka 2007, jirani na Uwanja wa Uhuru, ilikopandishwa bendera ya Tanganyika usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Wengi huja kuzitazama timu za soka za Simba na Yanga, njia wakaipita kwa macho tu. Inasikitisha, kwani hii ni nchi ya Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974: dakika 3 na sekunde 32.2. Katika mbio za mita 400 kwenye uwanja kama huu, mkimbiaji wa njia ya pili husogezwa mbele mita 7.04, maana kona zake ni ndefu kuliko za aliye ndani.