Rosa na Ng'ombe wa Mahari

Mwaka 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa, iliyotamka kuwa ndoa ni muungano wa hiari na kuwa mume hana haki ya kumpiga mkewe. Mwaka huo huo ilitoka Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi. Sheria ilimpa binti hiari. Riwaya iliuliza hiari hiyo itamfaa nini binti asiyejijua.

Rosa ni mzaliwa wa Ukerewe. Baba yake mlevi, Zakaria, alimpiga kwa ajili ya barua ya kijana Charles, akamtia hofu ya wanaume pasipo maarifa juu yao. Alipokuwa mbali na fimbo ya baba, hofu ile iligeuka uhuru usio na dira. Mwishowe aliiweka thamani yake yote katika ndoa na Charles yule yule. Charles alipojua kuwa si bikira alimkataa, naye Rosa akajiua.

Sisi wa Dodoma hatuna budi kuisoma habari hii kwa macho ya Ugogo. Peter Rigby, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alieleza jinsi ng'ombe wa mahari walivyotolewa na jamaa wengi wa mume, wakagawanywa kwa jamaa wa mke wa kuumeni na kukeni. Ni rahisi kusema kuwa huko ni kuuza binti. Nami nilipokuwa mwanafunzi nilisema hivyo. Lakini yafaa kuikumbuka Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyofuata majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mzee aliyeiona njaa ile alijua kuwa asiye na jamaa hufa kwanza. Kwake ndoa ilikuwa ghala kabla ya kuwa mapenzi. Hofu ya namna hiyo alikuwa nayo bibi yake Janie, katika riwaya ya Zora Neale Hurston iliyotoka Marekani mwaka 1937: alizaliwa mtumwa, basi akamwoza mjukuu wake kwa mtu mwenye eka 60. Janie aliolewa mara tatu ndipo akaipata sauti yake.

Jamaa waliokula ng'ombe walimfunga mwanamke, maana alipotaka kuachana na mume walikuwa wengi wa kumrudisha. Lakini hao hao waliweza kumwuliza mume alipomtesa. Rosa hakuwa na kifungo hicho wala ngao hiyo. Alisoma hadi chuo cha ualimu, na katika saa ya kukataliwa hakumwona mtu wa kumwambia kuwa Charles si dunia nzima.