Beseni, Taulo na Magoti ya Wakubwa

Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alipokuwa na umri wa miaka 39, wanawake maskini 39 waliketishwa ukumbini katika kasri la Greenwich siku ya Alhamisi Kuu, wakisubiri kuoshwa miguu naye. Kwanza alipita mfuaji nguo wa kasri, akawaosha kwa maji ya vuguvugu yaliyotiwa maua yenye harufu nzuri. Akafuata msaidizi wa ofisa wa sadaka, akaosha tena. Kisha ofisa mwenyewe, mara ya tatu. Ndipo malkia akaingia, akapiga magoti juu ya mito aliyotandikiwa, akaosha miguu ambayo vumbi lilishaisahau.

Ni rahisi kumcheka, ila hakuanzisha yeye. Wafalme wa Uingereza walikuwa wakiosha miguu ya maskini tangu enzi za kati, na hesabu ya maskini ilikuja kufuata umri wa mfalme. James wa Pili, mwishoni mwa karne ya 17, ndiye anayetajwa kuwa wa mwisho kushika maji kwa mikono yake. Leo mfalme hugawa sarafu maalumu tu, kwenye vifuko, na maji hayapo kabisa.

Mwanzo wa desturi hii ulikuwa mahali pasipo na mito ya kupigia magoti. Katika Palestina ya karne ya kwanza watu walitembea kwa makubazi, na mgeni aliyefika alihitaji maji ya kuoshea miguu kabla ya chakula. Kumwosha ilikuwa kazi ya mtumwa, na ya hadhi ya chini kiasi kwamba walimu wa Kiyahudi walifundisha kuwa mtumwa Mwebrania asilazimishwe kuifanya. Injili ya Yohana, sura ya 13, inasimulia jinsi Yesu alivyoinuka mezani, akajifunga kitambaa kiunoni na kuwaosha wanafunzi wake, na jinsi Petro alivyogoma. Baadaye Yesu aliwaagiza nao waoshane. Agizo lina pande mbili: kuinama, na kukubali kuinamiwa. Ukifuatilia desturi hii karne baada ya karne, utaona upande wa pili ndio uliopotea upesi.

Kanisa halikukubaliana mapema namna ya kulishika agizo hilo. Huko Milano, karne ya 4, waliobatizwa walioshwa miguu walipotoka majini, na Askofu Ambrosi akaitetea desturi hiyo huku akikiri kwamba Roma hawaifanyi. Pengine, alisema, ni kwa sababu ya wingi wa watu. Mwaka 694 mtaguso wa Toledo, Hispania, ulilalamika kwamba mahali pengine uoshaji wa Alhamisi Kuu umeachwa, ukaamuru kwamba anayeukataa azuiliwe komunyo.

Walioielewa vizuri zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, walikuwa wapishi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, iliwapa watawa zamu ya jikoni ya wiki moja moja. Jumamosi, anayemaliza zamu alifua taulo zote, kisha yeye na anayeingia wakaosha miguu ya ndugu wote. Hakuna aliyebaki upande mmoja wa beseni. Aliyeosha leo, wiki ijayo angekaa na kunyoosha miguu yake mbele ya mwenzake, hata kama mwenzake huyo walikwaruzana juzi kwenye masufuria.

Nje ya monasteri mambo yaligeuka sherehe. Huko Wien, Kaisari Franz Joseph wa Austria aliosha miguu ya wazee maskini 12 kila mwaka, hadi karne ya 20. Wazee hao waliletwa kwa magari ya farasi ya kasri, wakaandaliwa chakula, wakapewa mifuko ya fedha, wakarudishwa makwao. Bila shaka walifurahi. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia yeyote kati yao achukue taulo na kumwosha Kaisari.

Makanisa mengi ya Kiprotestanti yaliiacha desturi hiyo. Waanabaptisti, waliokuwa wakiwindwa na serikali na makanisa makubwa, waliishikilia: tamko la imani lililotiwa saini Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1632, linaweka kuoshana miguu katika kifungu chake cha 11. Wazao wao wa kiroho, Wamennonite, waliibeba hadi Pennsylvania, na kutoka huko, mwaka 1934, hadi Shirati, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, mkoani Mara.

Hapo jambo lilipata uzito mwingine. Tanganyika ya wakati huo ilitawaliwa na Waingereza, na mzungu kumwosha Mwafrika miguu, au Mwafrika kunyooshewa miguu na mzungu ili aioshe kisha naye aoshwe, halikuwa tukio la kawaida nchini. Uamsho wa kiroho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulipofika Shirati mwaka 1942, baadhi ya wamisionari nao walisimama kuungama mbele ya waumini. Beseni peke yake halikuwa limeondoa kiburi. Watu walihitaji kusema. Ilichukua hadi mwaka 1967 kwa Zedekiah Kisare kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo.

Waadventista Wasabato, waliofika Upare mwaka 1903 na Gendia, Kenya, mwaka 1906, nao wana huduma ya kutawadhana kabla ya Meza ya Bwana, kwa kawaida mara moja kila robo mwaka. Wanaume huenda chumba chao, wanawake chao. Kuna jagi, beseni na taulo, na watu hupangana wawili wawili. Wenye ugomvi huhimizwa kuumaliza kwanza, na ndiyo maana wengine huamua kutafutana siku hiyo, na wengine hukaa mbali kabisa na beseni la fulani.

Kwa Wakatoliki, Papa Pius wa Kumi na Mbili aliingiza ibada hiyo ndani ya misa ya Alhamisi Kuu mwaka 1955, kwa wanaume waliochaguliwa. Tarehe 28 Machi 2013, Papa Fransisko aliiendesha katika gereza la vijana la Casal del Marmo, Roma, na waliooshwa walikuwemo wasichana wawili, mmoja wao Mwislamu. Januari 2016 kanuni ilibadilishwa rasmi kuruhusu wanawake.

Tendo la kuinama lililoonekana zaidi, ingawa bila maji, lilikuwa la tarehe 11 Aprili 2019. Viongozi wa Sudan Kusini waliitwa Vatikani kwa mafungo ya kiroho, jambo lililopendekezwa na Askofu Mkuu Justin Welby wa Kanisa la Anglikana. Mwishoni, Fransisko, mwenye umri wa miaka 82 na magoti mabovu, alipiga magoti akabusu viatu vya Rais Salva Kiir, vya hasimu wake Riek Machar na vya wenzao. Machar na Kiir walistaajabu. Dunia nzima iliona.

Lakini ulikuwa tena mwelekeo mmoja: mkubwa akiinama, wengine wakipokea. Kama ingefuatwa desturi ya Shirati, Kiir angelazimika kupiga magoti mbele ya Machar, kisha wabadilishane nafasi. Hilo halikufanyika. Serikali ya umoja ya Sudan Kusini iliundwa Februari 2020, uchaguzi ukaahirishwa mara kadhaa, na Machi 2025 Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake Juba.