Hatua Zinazohesabiwa: Filimbi na Miguu katika Viwanja vya Mlima Kenya

Kosa la kutembea na mpira lina umri sawa na mpira wa vikapu wenyewe. James Naismith, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Marekani, alibuni mchezo huo Desemba 1891 kwa kanuni 13. Ya tatu ilikataza kukimbia na mpira: aliyeudaka aurushe kutoka pale pale alipoudakia, ila aliyeupokea akiwa mbioni avumiliwe kidogo. Kidogo kiasi gani, kanuni haikusema, na marefa wamebishana juu ya hilo tangu siku hiyo. Kudunda hakukuwemo. Kulizuka miaka michache baadaye, wachezaji walipong'amua kwamba mpira ulioachiliwa haujabebwa na mtu.

Mchezo ulipovuka bahari hadi Uingereza, vyuo vya walimu wa kike viliugeuza kuwa netiboli, na netiboli ikashikilia katazo la kwanza kwa ukali kuliko mpira wa vikapu wenyewe. Ikasambaa katika makoloni kupitia shule za wasichana. Kuzunguka Mlima Kenya, shule za mwanzo zilikuwa za wamisionari: Wakatoliki wa Consolata upande wa Nyeri, Wapresbiteri wa Scotland huko Tumutumu karibu na Karatina, Wamethodisti upande wa Meru. Netiboli ikapata makao katika elimu ya namna hiyo.

Urithi huo umempa mwalimu wa michezo mzigo wa pekee. Katika kalenda ya shule za sekondari za Kenya, mpira wa vikapu na handiboli kwa kawaida huchezwa muhula wa kwanza, netiboli muhula wa pili, na mara nyingi mwalimu ni yule yule, hata uwanja wa saruji ni ule ule wenye mistari ya rangi mbili tatu. Handiboli huruhusu hatua tatu. Netiboli humtaka mchezaji asiukanyagishe tena chini mguu aliotua nao, akishauinua, kabla ya kuuachilia mpira. Mpira wa vikapu uko katikati, na ndio mgumu kuliko yote kuuhukumu.

Refa anayejua kazi hatazami mpira kwanza. Hutafuta mguu wa egemeo. Aliyedaka akiwa amesimama huchagua mguu mmoja ubaki chini, wa pili uzunguke apendavyo. Akitaka kudunda, mpira sharti utoke mkononi kabla egemeo halijainuka, na hapo ndipo wanaoanza hukosea zaidi. Akitaka kupasi au kutupa kikapuni, anaweza kuinua egemeo mradi mpira utoke kabla mguu huo haujarudi chini. Anayetua kwa miguu yote miwili kwa pamoja baada ya kudaka hewani ana uhuru wa kuchagua egemeo lolote. Mzunguko wa haraka karibu na kikapu huonekana kosa hata ukiwa halali, na refa mchanga hupuliza kwa sababu macho yake yameshtuka. Ubaya wa mwendo si kosa.

Badiliko kubwa lilikuja tarehe 1 Oktoba 2017. FIBA, shirikisho la kimataifa lililoundwa Geneva mwaka 1932, liliamua kwamba kwa mchezaji aliye mbioni, mguu ulio chini wakati anapoudhibiti mpira hauhesabiwi. Hesabu ya hatua mbili anazoruhusiwa huanzia mguu unaofuata. Kabla ya hapo, kijana aliyeiga miendo ya NBA kwenye televisheni angepigiwa filimbi kwa jambo lililopita bila kelele Marekani. Pengo hilo limepungua, lakini ugomvi umehama: sasa swali si miguu mingapi, bali ni lini mpira ulishikwa, na jibu liko viganjani. Tena kuna sharti ambalo ni rahisi kulisahau: aliyepokea pasi mbioni kisha akataka kudunda lazima auachilie mpira kabla ya hatua ya pili.

Adhabu yenyewe ni nyepesi. Refa huzungusha ngumi mbili mbele ya kifua, mpira huenda kwa wapinzani waurushe kutoka nje karibu na mahali pa kosa, na hakuna faulo inayoandikwa. Anayeanguka na mpira na kuteleza katika vumbi la uwanja hajakosa. Akibingirika au akiinuka nao mikononi, amekosa. Wepesi huo huwatia walimu kishawishi cha kufumba macho katika mechi za kaunti ndogo, jambo linaloeleweka kwa watoto wanaojifunza, lakini huleta shida juu zaidi. Nyeri na Kirinyaga hushindana katika Kanda ya Kati, Embu na Meru katika Mashariki, na Nanyuki, iliyo kilomita 60 hivi kutoka Nyeri, iko Laikipia, upande wa Bonde la Ufa. Shule zinazouona mlima mmoja lakini zilizo katika kanda tofauti hukutana kimashindano katika fainali za kitaifa tu, na huko, kama ilivyo katika michezo ya shule za Afrika Mashariki, hesabu inayotumika ni ya FIBA.