Madiwani waliokwenda jela wakidai mzigo ugawanywe

Tarehe 29 Julai 1921 maandamano yalitoka Poplar, mtaa wa makuli na mabaharia mashariki mwa London, yakaelekea Mahakama Kuu katikati ya jiji. Mbele alitangulia mbeba rungu la halmashauri, akafuata meya Sam March na mkufu wa cheo shingoni, kisha madiwani wenzake, kisha wakazi wapatao 2,000. Bango lao lilitangaza kwamba Halmashauri ya Poplar inakwenda mahakamani, na huenda ikaishia jela. Mwezi Septemba madiwani 30 walikuwa gerezani.

Hawakuwa wameiba hata senti ya umma. Kosa lao lilikuwa kukataa kuwatoza maskini kodi wasiyoiweza. Zaidi ya miaka 100 baadaye, huku halmashauri za Uingereza zikitangaza moja baada ya nyingine kwamba zimefilisika, swali lao bado linadai jibu: huduma ya umma inapoanguka, awajibike nani? Yule aliyepewa kazi bila fedha, au yule aliyemtwika kazi hiyo?

Maskini kuwalipia maskini

Kwa mfumo wa wakati ule, kila eneo la London liliwatunza maskini wake kwa kodi ya majengo iliyokusanywa hapohapo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi za bandarini zilipungua, na Poplar iliishi kwa bandari. Kadiri wasio na kazi walivyoongezeka, ndivyo msaada ulivyohitajika zaidi, na ndivyo kodi ilivyowapanda majirani zao waliokuwa hoi vilevile. Westminster, penye majumba ya fahari na maduka makubwa, maskini walikuwa wachache na kodi ndogo ilijaza hazina. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: waliokaa Westminster hawakuhisi uzito uliowavunja mgongo watu wa Poplar.

Juu ya hayo, Poplar ilitakiwa kukusanya fedha kwa ajili ya Halmashauri Kuu ya London, polisi na mamlaka ya maji, kwa kiwango kilekile walichotozwa matajiri.

Mwaka 1919 chama cha Labour kilishinda viti 39 kati ya 42 vya Poplar. Kiongozi wao alikuwa George Lansbury, mhariri wa gazeti la Daily Herald, aliyekuja kukiongoza chama hicho katika miaka ya 1930. Walijenga nyumba, wakaboresha huduma za afya, wakawalipa wafanyakazi wa halmashauri kima cha chini cha pauni 4 kwa wiki, mwanamke sawa na mwanamume. Machi 1921 wakapiga kura: watakusanya kodi ya kuendesha mtaa wao, lakini hawatakusanya ile ya mamlaka za jiji zima mpaka gharama za kuwatunza maskini zigawanywe kwa haki. Halmashauri Kuu ya London ikawashtaki.

Vikao gerezani

Wanaume walipelekwa gereza la Brixton, wanawake Holloway. Miongoni mwa wanawake hao alikuwemo Nellie Cressall, aliyekuwa mjamzito. Umati ulikusanyika nje ya kuta za gereza, na Lansbury akauhutubia kupitia nondo za dirisha. Kwa kuwa kazi za halmashauri hazingeweza kusimama, serikali ililazimika kuwaruhusu wafanye vikao humohumo Brixton, na madiwani wanawake wakawa wanaletwa kwa gari kutoka Holloway.

Halmashauri jirani za Stepney na Bethnal Green zikaamua kufuata nyayo hizo. Clement Attlee, diwani wa Stepney aliyekuja kuwa waziri mkuu mwaka 1945, aliwaunga mkono. Si wote ndani ya Labour waliokubaliana nao. Herbert Morrison, meya wa Hackney, alihofia kwamba chama kinachovunja sheria kitapoteza imani ya wapiga kura.

Tarehe 12 Oktoba waliachiwa huru bila kubadili msimamo, na kabla ya mwaka kwisha Bunge lilipitisha sheria ya kugawana gharama za maskini London nzima. Ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Diwani Minnie Lansbury, mkwe wa George, alifariki tarehe 1 Januari 1922 akiwa na umri wa miaka 32. Wenzake waliamini kwamba gereza ndilo lililomdhoofisha.

Mkaguzi na mifuko ya madiwani

Enzi hizo mkaguzi wa hesabu alikuwa na meno makali: angeweza kumlipisha diwani kutoka mfukoni mwake fedha za umma zilizotumika kinyume cha sheria. Mwaka 1925 majaji wa Baraza la Malodi waliamua kwamba hata zile pauni 4 za Poplar zilivuka mipaka ya sheria.

Silaha hiyo iliendelea kutumika. Baada ya 1972 iliwaangukia madiwani 11 wa Clay Cross, mkoani Derbyshire, waliokataa kupandisha kodi za nyumba za umma. Katika miaka ya 1980 iliwaangukia madiwani wa Liverpool na Lambeth waliochelewesha makusudi kupanga kodi wakipinga serikali ya Margaret Thatcher. Lakini ilimnasa pia Shirley Porter, kiongozi wa halmashauri ya Westminster, ambaye chini yake nyumba za umma ziliuzwa katika kata zenye ushindani ili chama chake kipate kura. Baada ya kesi ndefu, mwaka 2004 alikubali kulipa pauni milioni 12.3.

Sheria ya mwaka 2000 iliifuta adhabu hiyo. Wengi waliona ni haki, kwa kuwa ilikuwa imewaumiza watetezi wa wanyonge pamoja na wenye hila. Tatizo likawa kuziba pengo lililobaki.

Ruzuku zapungua, ukaguzi wachelewa

Kuanzia 2010 serikali ya David Cameron ilianza kubana matumizi. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza kuwa ruzuku ya serikali kuu kwa halmashauri za England ilipungua kwa asilimia 49 kati ya 2010 na 2018, baada ya kuzingatia mfumuko wa bei. Walioumia zaidi ni wa maeneo maskini, kwa sababu ndio walioitegemea zaidi ruzuku hiyo. Wajibu wa kisheria wa kuwatunza wazee, walemavu na watoto walio hatarini ulibaki palepale. Kodi ya makazi nayo hadi leo hukadiriwa kwa thamani ya nyumba ya mwaka 1991, na Westminster bado ni miongoni mwa wanaotozwa kidogo kabisa nchini.

Mwaka 2015 tume iliyosimamia ukaguzi wa halmashauri ilifungwa na kazi kuachiwa kampuni binafsi. Ilipofika tarehe ya mwisho, 30 Septemba 2023, ni halmashauri na mamlaka 5 tu kati ya 467 zilizokuwa zimechapisha hesabu zilizokaguliwa za mwaka wa fedha uliopita.

Katika giza hilo makosa makubwa yalifanyika. Thurrock ilikopa na kuwekeza katika miradi ya umeme wa jua iliyoiingiza hasara. Woking ilijilimbikizia madeni kwa ujenzi wa maghorofa. Birmingham, jiji la watu zaidi ya milioni moja, ilitangaza tarehe 5 Septemba 2023 kwamba haiwezi kusawazisha bajeti, ikiwa imelemewa na madai ya wanawake waliolipwa pungufu ya wanaume na mfumo wa kompyuta uliopita bajeti yake mara kadhaa. Serikali iliwanyooshea kidole madiwani. Madiwani wakainyooshea serikali kidole kwa ruzuku zilizokatwa. Mwaka 2024 mkazi wa Birmingham alipandishiwa kodi kwa karibu asilimia 10 huku huduma zake zikipunguzwa.

Hapo ndipo madiwani wa Poplar wanapotofautiana na warithi wao. Walipinga hadharani, kwa kura zilizoandikwa, wakaipokea adhabu, na wakawalazimisha wenye mamlaka kugawana mzigo. Hakuna mkazi aliyebaki akijiuliza nani kaamua nini.

Kumdai diwani uwajibikaji huku umemnyima fedha ni kumwadhibu maskini anayemhudumia. Kumpa fedha bila ukaguzi wa wakati ni kuwafungulia mlango wafujaji. Uingereza inahitaji yote mawili kwa pamoja: fedha zigawanywe kwa kadiri ya mahitaji ya watu, na hesabu zikaguliwe kwa wakati, mbele ya macho ya mlipakodi. Serikali yoyote itakayofanya moja na kuliacha la pili itakuwa imekwepa swali ambalo watu 30 walikwenda jela kuliuliza.