Dokta Asiyeshika Sindano

Ukitaja riadha na Kisii, watu humkumbuka Nyandika Maiyoro, halafu Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kule Mexico 1968. Mbio ndefu tu, basi. Lakini Septemba 10, 1972, mjini Munich, Kenya ilishinda mbio za kupokezana kijiti, mita 400 mara nne, na watatu kati ya wanaume hao walikuwa wana wa Gusii: Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko, mtu wa Manga, Nyamira. Wa nne alikuwa Julius Sang.

Ouko na Sang walikuwa mikononi mwa kocha LeRoy Walker, katika chuo cha Wamarekani weusi cha North Carolina Central, mjini Durham. Wanariadha walimwita Dokta, na halikuwa jina la utani. Hakuwa daktari wa wodi. Alifika chuoni 1945 kufunza kandanda ya Kimarekani na mpira wa kikapu, akaanzisha timu ya mbio ili wachezaji wake wasilegee. Kisha akarudi darasani mwenyewe, na 1957 akapata udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha New York, akisomea namna mwili wa binadamu unavyosogea. Yaani kocha aliyetaka kujua goti linafanya nini kabla ya kulipigia kelele.

Ndiyo maana hadithi za "damu" na "hewa ya milimani" hunichosha. Kijiti hakipokezwi na milima.

Wapo wanaosema Munich ilikuwa bahati, kwa sababu Marekani haikuwa na timu: Vince Matthews na Wayne Collett walifungiwa kwa walivyosimama jukwaani, na John Smith alikuwa ameumia. Sawa. Lakini Asati na Nyamau walikuwa katika kikosi kilichopata fedha Mexico, nyuma ya Wamarekani hao hao. Munich, Sang alipokea kijiti Ujerumani Magharibi ikiongoza, akamfuata Karl Honz taratibu, akampita. Saa ikasoma dakika 2:59.8.

Mwaka 1976, huko Montreal, Walker akawa Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa wanaume wa riadha wa Marekani. Marekani ikashinda mbio za kijiti. Kenya haikuwa uwanjani. Ilikuwa imesusia pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga kucheza Afrika Kusini.