Siti binti Saad: muuza vyungu wa Fumba aliyeimba hadi Bombay

Siti binti Saad alikuwa mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake iliingizwa kwenye santuri. Ilikuwa mwaka 1928, mjini Bombay, India. Wakati huo hapakuwa na redio Tanganyika wala Zanzibar. Aliyetaka kumsikia mwimbaji ilibidi amfuate alipo. Hapa tunaeleza alikotoka, alivyofika Bombay, na kwa nini watu wengi wasiojua kusoma walimfanya kuwa gazeti lao.

Alizaliwa kijijini Fumba, kisiwani Unguja, karibu mwaka 1880. Jina alilopewa na wazazi halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Utumwa ulikuwa bado haujapigwa marufuku Zanzibar (amri ya kuuondoa ilitoka mwaka 1897), na jina la namna hiyo lilimwambia kila mtu mahali pako katika jamii kabla hujafungua mdomo. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, upande wa Tabora, na mama yake asili ya Uzigua, ingawa wote wawili walizaliwa Zanzibar. Wasikilizaji wetu wa Dodoma na Mpwapwa wana sababu ya kuikumbuka safari hiyo ya mababu: kabla ya reli, misafara iliyotoka Unyamwezi kwenda pwani ilipita huku kwetu Ugogo, watu wakibeba pembe za ndovu mabegani, na wengine wakipelekwa kuuzwa.

Nyumbani kwao walikuwa wafinyanzi. Mama alifinyanga vyungu, binti akavibeba kwenda kuviuza. Hakwenda shule, na kusoma na kuandika hakujua. Alichokuwa nacho ni sauti. Inasimuliwa kwamba alitembeza vyungu huku akiimba, na watu waliitambua biashara yake kwa mbali kabla hawajamwona. Akina mama wanaotembeza bidhaa sokoni wanajua thamani ya jambo hilo: koo zuri huuza.

Mwaka 1911 aliondoka Fumba akahamia mjini. Hakuishi kwenye majumba ya mawe ya matajiri. Alikaa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walikokaa wachukuzi, wavuvi, vibarua na watu waliotoka utumwani. Huko alikutana na wanamuziki wa taarabu wakamfundisha kuimba kwa kufuata ala.

Taarabu ya siku hizo ilikuwa na wenyewe. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayesifiwa kuuleta muziki huo kutoka Misri kwa ajili ya starehe za jumba lake. Uliimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji walikuwa wanaume. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo, nacho kilikuwa chama cha wanaume. Basi fikiria mwanamke wa shamba, mtoto wa watu wa chini, anasimama mbele ya hadhira ya namna hiyo na kuimba kwa Kiswahili. Ndivyo Siti alivyofanya. Aliimba pia kwa Kiarabu na Kihindi, lakini Kiswahili ndicho kilichomtoa.

Kundi lake lilikuwa na wanaume waliomheshimu: Subeti bin Ambari, Maalim Shaabani, Buda bin Swedi na Mbaruku Effandi Talsam. Walipiga ala, walitunga mashairi, wakafanya mazoezi jioni nyumbani kwa Siti huku majirani wakikusanyika kusikiliza. Wakati huo ndipo jina la Mtumwa lilipoachwa, akaitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Baadaye aliitwa kuimba mpaka kwa sultani.

Kupanda huko hakukuwapendeza wote. Palitungwa wimbo wa kumkejeli: katoka shamba, hana uzuri, hana nasaba. Siti hakwenda kugombana barazani. Alijibu kwa wimbo pia, akikubali kwamba uzuri hana na ukoo mkubwa hana, na akiwakumbusha wenziwe kwamba sauti na adabu anazo. Jibu lake ndilo lililobaki midomoni mwa watu.

Kitu kilichomtenganisha na waimbaji wa jumbani ni habari alizoziimba. Mapenzi yalikuwamo, ndiyo. Lakini kundi lilichukua pia mambo ya mtaani na ya mahakamani. Kuna wimbo uliowahusu wenye kalamu waliowadhulumu wasiojua kusoma, hata mmoja wao akaishia jela. Na kuna “Kijiti”, ambao kwa maoni yetu ndio mzito kuliko zote.

Kijiti lilikuwa jina la mtu. Alimwalika mwanamke, mgeni aliyetoka Dar es Salaam, kwenda ngomani usiku. Mwanamke huyo alikuwa mjamzito. Aliingiliwa kwa nguvu na kuuawa. Kijiti alivuka bahari akakimbia. Kesi ilipofika mahakamani, wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio waliofungwa, kwa kosa la kununua pombe iliyonywewa usiku ule. Mwuaji hakuonja jela. Habari kama hiyo ingeweza kufifia katika mafaili ya serikali ya kikoloni. Siti na wenzake waliifanya wimbo, na watu wakaendelea kuikumbuka na kuijadili, pamoja na hakimu na hukumu yake. Mwanamke asiyejua kusoma aliandika hukumu nyingine, kwa sauti.

Turudi Bombay. Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwasafirisha Siti na wenzake kwa meli kwenda kurekodi. Santuri za wakati ule zilikuwa sahani nzito zilizovunjika upesi, na upande mmoja ulichukua takriban dakika tatu tu. Hilo si jambo dogo. Wimbo wa taarabu katika hafla unaweza kwenda nusu saa, beti zikirudiwa kadiri wasikilizaji wanavyotaka na kutuza. Mbele ya mashine ilibidi kuchagua beti chache, kuanza upesi na kumaliza kabla sindano haijafika katikati ya sahani. Kwa hiyo tunachosikia leo ni kipande cha Siti; Siti wa usiku kucha alibaki na waliokuwapo.

Sahani hizo zilinunuliwa mno. Hesabu inayotajwa ni sahani 72,000 kufikia mwaka 1931. Kampuni nyingine, Columbia, nayo ikaja Zanzibar kurekodi. Mashine ya santuri haikuhitaji umeme. Ilizungushwa kwa mkono kama cherehani, na moja tu ilitosha mkahawa mzima au kibaraza kizima. Kwa njia hiyo Kiswahili cha Ng'ambo kiliwafikia watu ambao hawakupata kumwona mwimbaji.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya kifo chake, Shaaban Robert alimtembelea na kuyasikiliza maisha yake kutoka kinywani mwake, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kilichosomwa na wanafunzi wengi nchini. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa msichana alipomsikiliza Siti, na aliendelea kuziimba nyimbo zake mpaka uzeeni. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kiliita jarida lake Sauti ya Siti.

Tukicheza rekodi zake hewani utasikia mkwaruzo mwingi, kama mafuta ya moto yanayopokea kitunguu. Usiitilie simu yako shaka. Ni sindano ikipita kwenye sahani ya karibu miaka 100. Vumilia kidogo, ala zitatangulia, kisha ataingia mwenyewe.