Kisangani: maji ya robine ni laini, mbona watu hawayaamini?

Familia zinazofika Kisangani kutoka Goma hushangaa siku ya kwanza ya kufua. Kipande kidogo cha sabuni kinatoa povu jingi, na kusuuza kunachukua muda. Goma wamezoea maji ya Ziwa Kivu, yenye manyeziamu nyingi, ambayo hula sabuni. Hayo ndiyo maji magumu. Ya Kisangani ni maji laini, karibu kama ya mvua.

Sababu iko msituni. Mto Tshopo, ambao REGIDESO huchota maji yake, unapita kaskazini ya mji na kukutana na Lindi kabla ya maji yao kuingia mto Kongo. Njia nzima ni msitu, majani yaliyooza na udongo wa zamani ulioshwa na mvua karne nyingi. Chokaa ni kidogo sana humo. Rangi ile ya chai unayoiona chini ya daraja la Tshopo inatokana na majani hayo.

Lakini laini si sawa na safi, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Maji magumu huacha ukoko mweupe ndani ya sufuria, basi. Hayajulikani kuwa sumu. Maji laini yenye uchachu kidogo, kama ya Tshopo, hula chuma. Yakilala ndani ya tiyo la zamani hutoka na kutu. Tena, ili dawa ya kukusanya uchafu (salfati ya alumini) ifanye kazi, maji ya namna hii huhitaji kuongezewa chokaa. Kisha inakuja klorini, na mabaki ya majani yakibaki majini huila klorini hiyo kabla haijafika mtaani. Kwa hiyo mto ambao mama anaufurahia kwa sabuni yake ndio unaompa kazi nyingi fundi wa kiwanda.

Stanley aliacha kituo chake karibu na maporomoko ya Wagenia mwezi Desemba 1883. REGIDESO ilianzishwa mwishoni mwa 1939, na wakati huo ilishika maji na umeme pamoja. Katika miaka ya 1950 bwawa la umeme la Tshopo likaanza kazi, na baadaye likawa na mashini tatu, zenye nguvu ya zaidi ya megawati 18 kwa jumla. Umeme ulipohamishiwa kwa SNEL, maji yalibaki REGIDESO, lakini ndoa haikuvunjika: pampu za maji zinaendeshwa na umeme wa bwawa lile lile. Mashini ya Tshopo ikiharibika, taa inazimika Makiso na robine inakauka Mangobo.

Ni vita vilivyoonyesha jambo hilo wazi kuliko kitu chochote. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana ndani ya mji ambao haukuwa wa mmoja wao. Mabomu zaidi ya 6.000 yalianguka. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja baadaye ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, karibu 1.700 waliojeruhiwa, na watu wapatao 65.000 waliokimbia nyumba zao. Mto Tshopo ulikuwa mstari kati ya majeshi mawili, na daraja lake liligombaniwa. Kiwanda cha maji na bwawa viko upande huo huo wa mji. Umeme ukakatika, maji yakakatika. Waliojificha ndani ya nyumba siku sita wanakumbuka kiu kabla ya njaa. Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1304 likidai majeshi hayo yaondoke.

Mwezi Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Ndani yake milioni 225 ni za madhara kwa watu na 40 za mali. Mfuko wa FRIVAO uliwekwa ili kugawa pesa hizo, na watu wa Kisangani wangali wakiulizana nani ameandikwa na nani hajaandikwa.

Madhara ya kukatika kwa umeme hayaishi taa inaporudi. Tiyo likijaa maji yenye nguvu, uchafu wa nje hauwezi kuingia, hata kama limetoboka. Nguvu ikiisha, maji ya mtaroni na ya vyoo hupenya kupitia matundu hayo hayo. Pampu ikiwashwa tena, vyote vinasukumwa hadi kwenye robine. Basi maji yanayotoka kwanza, mekundu kwa kutu, ndiyo ya hatari zaidi, na kwa bahati mbaya ndiyo ambayo watu wamepanga foleni wakiyangoja na bidoni zao.

Mwaka 2011 kolera ilizuka Kisangani, ikateremka na mto hadi Mbandaka na Kinshasa, ikifuata njia ya maboti. Mwaka 2025 ilirudi Tshopo.

Katikati ya magonjwa hayo mawili, Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulilipuka upande wa kushoto wa mto. Maelfu walikimbilia Lubunga na ng'ambo, mjini. Familia iliyozoea chemchemi ya kijiji ilijikuta ikigawana kisima kimoja na mamia ya watu. Maji hayo nayo ni laini. Povu linapanda vizuri, na ulimi hauonji kitu.

Wamama wa zamani wa mtaa wa Tshopo wana desturi yao. Robine ikirudi, bidoni ya kwanza ni ya kudeki, ya pili ni ya kufua. Ya kunywa wanaikinga maji yakishang'aa, wanayaacha yatulie usiku, wanayachuja kwa kitambaa, halafu ndipo wanayachemsha au kutia klorini. Mpangilio huo una maana: klorini ikitiwa ndani ya maji yenye rangi ya chai huishia kwenye majani, na vidudu vinabaki.